Siku tisa Iceland mwezi wa Septemba: msiizunguke nchi, nendeni kusini mrudi njia ile ile

Swali la msomaji: "Tuko wanne: mimi, mume wangu, mdogo wangu na mwanangu wa miaka 11. Tunashuka uwanja wa Keflavík tarehe 12 Septemba na kuondoka tarehe 20. Tumeshapanga kuizunguka Iceland yote kwa gari la kukodi kupitia Barabara ya 1, tuone maporomoko, barafu, chemchemi za maji moto, ndege wa pafini na mianga ya kaskazini, ile nuru ya rangi inayocheza angani usiku. Je, siku zinatosha? Tukodi gari gani? Na ni mambo gani huwaharibia watu safari hii?"

Dada, siku zinatosha kuizunguka, ila hazitoshi kuiona. Barabara ya 1 ina takriban kilomita 1,320. Ukitoa siku ya kufika na ya kuondoka unabaki na siku saba, yaani kama kilomita 190 kwa siku, na kwenye karatasi hilo ni jambo dogo. Lakini hiyo ni barabara kuu tu. Kila mchepuko wa kwenda kwenye poromoko au bonde unaongeza kilomita 20, 40, wakati mwingine 60, na mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami na 80 kwenye changarawe. Halafu upo upepo. Siku moja ya upepo mkali mkiwa mashariki, upande wa pili wa nchi, inaweza kuwafungia barabara mkaikosa ndege. Watu wengi wanaozunguka kwa wiki moja hujikuta wanaendesha saa sita kwa siku ndani ya mvua, wanashuka dakika kumi, wanapiga picha, wanaondoka.

Ushauri wangu ni huu: nendeni pwani ya kusini mpaka Höfn, kisha mrudi kwa njia ile ile. Kutoka Reykjavík hadi Höfn ni kama kilomita 460. Kurudi njia moja si hasara. Hali ya hewa ya Iceland hubadilika ndani ya saa, kwa hiyo poromoko mlilolipita likiwa limefunikwa na ukungu siku ya kwenda mtalipata na upinde wa mvua siku ya kurudi. Kila mahali panawapa nafasi mbili.

Mgawanyo wa usiku nane ningeufanya hivi. Usiku wa kwanza laleni Reykjavík au karibu na uwanja wa ndege. Msishuke kwenye ndege ya usiku na kuanza kuendesha kilomita 200, maana usingizi kwenye usukani ni hatari popote. Siku ya pili zungukeni Þingvellir, Geysir na poromoko la Gullfoss, mlale Hella au Hvolsvöllur. Siku ya tatu maporomoko ya kusini, mlale Vík. Kisha usiku tatu mfululizo kitanda kile kile, mahali popote kati ya Skaftafell na Höfn. Usiku wa saba rudini mpaka magharibi ya Vík, na wa nane Reykjavík. Zile tatu za pamoja ndizo roho ya mpango huu: zinawapa siku ya akiba hali ya hewa ikichafuka, na zinaongeza nafasi ya kuiona mianga. Na usiku wa saba uwe magharibi ya Vík kwa sababu maalumu. Kati ya Vík na Höfn hakuna barabara nyingine ya kawaida. Julai 2024 mafuriko yaliyotoka chini ya barafuto ya Mýrdalsjökull (barafuto ni barafu nene inayojisukuma polepole kwa uzito wake) yaliikata Barabara ya 1 kwenye mto Skálm. Atakayekwama mashariki ya hapo njia yake ya pekee ya kurudi Reykjavík ni kuizunguka nchi kwa kaskazini. Ndivyo watu wa Höfn walivyoishi hadi mwaka 1974, daraja la Skeiðará lilipokamilika na kuifunga duara ya barabara.

Vyumba vya ukanda huo ni vichache, kwa hiyo anza kutafuta huko kabla ya Reykjavík. Kama mnafikiria gari la kulala ndani, sheria hairuhusu kulilaza kando ya barabara. Lazima liingie kwenye kambi rasmi. Kwa Septemba na kwa mtoto, na kwa jinsi magari hayo marefu yanavyosukumwa na upepo, mimi ningelala ndani ya nyumba.

Sasa gari. Kwa njia hii hata gari dogo la kawaida linafika kila mahali, lakini kwa watu wanne na mizigo chukueni 4x4 ya ukubwa wa kati, zaidi kwa ajili ya uzito na utulivu kwenye upepo. Barabara ambazo namba zake zinaanza na herufi F, zile za nyanda za juu za katikati ya nchi, ni za 4x4 tu kwa sheria, na 4x4 haimaanishi mmeruhusiwa kila kitu. Huko mito haina madaraja, na uharibifu unaotokana na kuvuka maji kwa kawaida hauingii kwenye bima yoyote ya gari la kukodi. Maji yakiingia kwenye injini, mmelinunua. Katikati ya Septemba theluji inaweza kuanza kuanguka huko juu na barabara zikafungwa bila taarifa ndefu. Landmannalaugar, iliyo huko juu, iacheni kwa safari ya Julai au Agosti.

Bima zipo za aina nyingi na dawati la kukodi litawasukumia zote. Mbili ndizo zina maana kwenu: ya changarawe, kwa sababu jiwe linalorushwa na gari linalowapita hupasua kioo cha mbele kwa sekunde moja, na ya mchanga na majivu, kwa sababu mchanga mweusi wa tambarare za kusini ukipeperushwa na upepo mkali unakwangua rangi ya gari upande mzima. Someni pia ni kiasi gani mtalipa wenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Na pigeni picha za gari lote, hata magurudumu na paa, kabla ya kuondoka na wakati wa kurudisha. Mwanao akiwa chini ya sentimita 135 kwa urefu, kiti cha usalama cha mtoto ni lazima, kiombeni mapema.

Kuna uharibifu mmoja ambao bima nyingi hazigusi, na ndio huwapata wageni wengi: mlango. Mtu anafika poromoko la Skógafoss, anaegesha mgongo wa gari ukitazama upepo, anafungua mlango kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu. Upepo unaingia nyuma ya mlango, unaunyakua na kuutupa mbele kuliko bawaba zinavyoruhusu. Bati linakunjika, mlango haufungi tena, na hapo safari imesimama. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kuzima injini tazama nyasi, bendera au mvua inaelekea wapi, kisha egesha pua ya gari ikitazama upepo. Hapo upepo unausukuma mlango ujifunge. Ushike kwa mikono miwili, afungue mtu mmoja kwa wakati mmoja, na asiachiwe mtoto kufungua mwenyewe. Msifungue milango ya pande mbili kwa pamoja, la sivyo karatasi na kofia zote mtazikuta shambani kwa watu.

Upepo Iceland hupimwa kwa mita kwa sekunde, na mgeni akisikia "20" anadhani ni kidogo. Zidisha kwa 3.6: mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa. Kuanzia 15 punguzeni mwendo na shikeni usukani vizuri. Ikifika 20, gari refu lisiwe barabarani. Ikifika 25, hata gari dogo likae. Angalieni pia kasi ya vishindo, si wastani tu, kwa maana chini ya milima upepo huteremka kwa pigo moja moja linaloweza kulisogeza gari hadi upande wa pili wa barabara. Sehemu mbili mtakazopitia zina sifa hiyo: chini ya Eyjafjöll, kati ya Seljalandsfoss na Skógafoss, na chini ya Öræfajökull, karibu na Sandfell na Hof. Kila asubuhi kabla ya chai fungueni vedur.is, tovuti ya idara ya hali ya hewa, na umferdin.is ya mamlaka ya barabara. Tahadhari hutolewa kwa rangi: ya manjano, ya chungwa na nyekundu. Ya chungwa ikiwa juu ya njia yenu, hiyo ndiyo siku ya akiba. Safetravel.is nayo inakuwezesha kuacha mpango wako wa safari. Mkipotea, watafutaji, ambao ni watu wa kujitolea, watajua waanzie wapi. Namba ya dharura ni 112.

Barabarani mtakutana na maandishi matatu ya kujifunza kabla. *Einbreið brú* ni daraja la gari moja. Aliyelikaribia kwanza ndiye anayepita, mwingine anasubiri. *Malbik endar* maana yake lami inaishia hapo. Punguza mwendo kabla ya changarawe, kwa sababu kufunga breki ukiwa juu yake ndiko kunakopindua magari. *Blindhæð* ni kilima ambacho huoni ng'ambo yake. Taa ziwashwe muda wote, hata mchana. Na Septemba ni mwezi wa kuwateremsha kondoo kutoka milimani. Ukimwona kondoo upande mmoja na mwanawe upande mwingine, simama, kwa hakika mmoja atavuka.

Tuje kwenye mnayoyaendea.

Þingvellir ni mahali ambapo unatembea katikati ya ufa unaoachanisha mabamba mawili ya ganda la dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanayotengana kama sentimita 2 kwa mwaka, na ndipo bunge la Alþingi lilipokutana kuanzia mwaka 930. Kuogelea kwa vazi maalumu kwenye maji ya Silfra yenye nyuzi 2 hadi 4 kunahitaji umri wa miaka 12, kwa hiyo mwanao bado.

Geysir mwenyewe, chemchemi iliyokuwa ikirusha maji moto, siku hizi amelala. Anayerusha maji ni jirani yake Strokkur, kila baada ya dakika 6 hadi 10 hivi. Msitazame kupitia simu mara ya kwanza. Angalieni uso wa kidimbwi: maji yanapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu anayepumua, mara tatu, mara nne, kisha yanavimba kuwa kuba la buluu linalong'aa, na ndani ya nusu sekunde kuba linapasuka na nguzo inaruka mita 15 hadi 20. Simameni upande upepo unakotoka, maana anayesimama upande unakoelekea analowa. Vijito vinavyopita chini ya kamba vinaunguza kweli. Mtoto asitie kidole.

Seljalandsfoss, mita 60, linapitika kwa nyuma, lakini njia ni tope na mawe yanayoteleza, na kila aliyepita anatoka ameloa chapachapa. Vaeni suruali na koti visivyopitisha maji kabla, si baada. Msiondoke bila kutembea dakika kumi kushoto kwake hadi Gljúfrabúi, poromoko lililojificha ndani ya mwamba. Unaingia kwa kukanyaga mawe ndani ya kijito. Skógafoss msilitazame kutoka chini tu. Pandeni zile ngazi za mia kadhaa kando yake, kisha endeleeni na njia ya juu walau nusu saa kuufuata mto, kwa sababu huko kuna maporomoko mengine yasiyo na umati.

Reynisfjara, ufukwe wa mchanga mweusi karibu na Vík, ndio mahali ninapowasihi mnisikie. Watu wamekufa pale, na wengi wao walikuwa wamesimama mahali palipoonekana pakavu. Upande wa kusini hakuna nchi kavu hadi Antaktika, na sakafu ya bahari inashuka ghafla karibu na ufukwe, kwa hiyo mawimbi hufika na nguvu yao yote. Yanakuja madogo, madogo, madogo, kisha moja linapanda mita nyingi zaidi ya mengine. Likirudi linavuta changarawe chini ya miguu, mtu anaanguka, na maji ni baridi mno kwa mtu kuogelea muda mrefu. Kuna taa za tahadhari mlangoni. Ikiwa nyekundu bakini juu kwenye eneo la kutazamia. Hata ikiwa ya kijani, msiipe bahari mgongo, mtoto ashikwe mkono, na msiuvuke mstari ambapo mchanga umelowa.

Kati ya Vík na Kirkjubæjarklaustur mtapita Eldhraun, uwanda wa lava ya mlipuko wa Laki wa 1783 na 1784. Umefunikwa na mimea laini ya kijani kama zulia nene. Inavutia kuikanyaga, lakini hatua moja huacha kovu la miaka mingi. Pigeni picha kutoka eneo la kuegesha. Kuendesha gari nje ya barabara, popote nchini, ni kosa la jinai lenye faini nzito.

Kisha Vatnajökull. Barafuto hii inafunika kama asilimia 8 ya nchi nzima. Kutembea juu yake kutoka Skaftafell ni saa tatu hadi nne pamoja na maandalizi, na msiende bila kiongozi aliyefunzwa: nyufa zake zinaweza kufunikwa na theluji nyembamba isiyobeba mtu. Mtapewa kofia ngumu, mkanda wa usalama na vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti. Buti ziwe zinapita kifundo cha mguu na soli yake iwe ngumu, la sivyo vyuma vinachomoka. Mkikosa, ziazimeni pale. Kanyageni bapa, meno yote kwa pamoja, miguu imeachana kidogo ili meno yasinase suruali. Waongozaji wengi huweka umri wa chini kati ya miaka 8 na 10, lakini ulizeni kuhusu namba ya kiatu cha mtoto, kwa kuwa vyuma vidogo si kila mahali vipo. Mkishawishiwa kuingia pango la asili la barafu mwezi huo, kataeni. Msimu wake salama ni baridi kali, takriban Novemba hadi Machi, barafu inapokuwa imeganda imara. Agosti 2024 barafu ilianguka Breiðamerkurjökull na kumuua mtalii.

Jökulsárlón, ziwa la vipande vya barafu, lipeni nusu siku nzima. Lina kina cha zaidi ya mita 240 na lilianza kutanuka barafuto ilipokuwa ikirudi nyuma karne iliyopita. Buluu mtakayoiona inatokana na barafu iliyobanwa hadi hewa ikatoka, ikabaki kumeza mwanga mwekundu. Vipande vilivyogeuka karibuni ndivyo vya buluu kali. Vikikaa juani vinakuwa vyeupe. Vukeni barabara upande wa bahari, ambako mawimbi hutupa vipande hivyo juu ya mchanga mweusi. Bahari hapo ina tabia ile ile ya Reynisfjara, na kipande cha barafu kinaweza kuviringika. Msimpandishe mtoto juu yake kwa ajili ya picha.

Pafini huenda mkawakosa; wengi huondoka kwenye majabali kufikia mwisho wa Agosti. Volkano haipangiwi ratiba: rasi ya Reykjanes imekuwa ikilipuka mara kwa mara tangu Machi 2021, na mji wa Grindavík ulihamishwa tarehe 10 Novemba 2023. Ikilipuka mkiwepo, fuateni maeneo yaliyofunguliwa na upande gesi inakoelekea. Lava iliyopoa juu inaweza kuwa bado moto chini, hivyo haikanyagwi.

Viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, kama pasipoti zenu zinaihitaji, hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, msisubiri mwisho. Nchi nyingi hazina ubalozi wa Iceland, kwa hiyo maombi hushughulikiwa na ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen kwa niaba yake. Bima ya matibabu iwe na kinga ya angalau yuro 30,000, na pasipoti iwe na miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka. Mkibadilisha ndege London, kagueni pia masharti ya Uingereza ya kupita, maana haimo Schengen.

Fedha ni krona, lakini kadi inakubalika karibu kila mahali. Vituo vya mafuta vingi havina mhudumu na mashine hutaka namba ya siri ya kadi. Mkichagua "jaza tangi" benki inaweza kushikilia kiasi kikubwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo chagueni kiasi. Msiondoke Kirkjubæjarklaustur tangi likiwa chini ya nusu. Maegesho ya vivutio vingi hulipiwa, kamera husoma namba ya gari na deni likipitwa linakuja kupitia mkodishaji likiwa na nyongeza. Nguo za ndani ziwe za sufu, si pamba, kwa sababu pamba ikilowa haiwapi joto. Mwavuli uacheni nyumbani. Kwenye mabwawa ya maji moto ya umma lazima kuoga kwa sabuni bila nguo kabla ya kuvaa vazi la kuogelea, wanaume na wanawake kila mmoja upande wake. Mabwawa hutumia dawa kidogo ya kusafisha maji, ndiyo maana sheria hiyo haina mzaha. Mengi yana chumba kimoja au viwili vyenye pazia kwa anayeona haya.

Mwisho, mianga. Katikati ya Septemba jua huzama karibu saa mbili usiku, na giza la kutosha huanza kama saa tatu na nusu. Programu za simu zitawaonyesha kipimo cha Kp, cha msukosuko wa sumaku ya dunia unaoleta mianga, kutoka 0 hadi 9, na watu huvunjika moyo wakiona 2. Iceland iko moja kwa moja chini ya mkanda wa mianga, kwa hiyo 2 au 3 inatosha. Adui ni mawingu. Tazameni ramani ya mawingu ya vedur.is: penye kijani kuna wingu, penye weupe kuna anga wazi. Tokeni nje, zimeni kila taa, mkae dakika 20 macho yazoee. Mara nyingi huanza kama utepe wa kijivu unaofanana na wingu jembamba. Ukiutilia shaka, upigeni picha kwa simu iliyoegemezwa mahali kwa sekunde 3 hadi 10, na ukiwa kijani ndio wenyewe. Msisimame kando ya Barabara ya 1 gizani, ingieni kwenye eneo la kuegesha. Na mkiingia hotelini ulizeni kama huwaamsha wageni mianga inapotokea, kwa maana nyingi za huko huifanya kazi hiyo. Acheni majaketi na buti karibu na mlango.